Foto ni ya nani? Kuangalia tena filamu "Enjoy Poverty" tukiwa Bukavu



Kuna filamu moja ambayo wengi wanaofanya kazi na ONG huku Kivu wamesikia jina lake, lakini wachache tu njo waliiangalia mpaka mwisho. Inaitwa "Episode III: Enjoy Poverty". Aliitengeneza Mholanzi mmoja, Renzo Martens, na mwaka 2008 ilifungua tamasha kubwa la filamu za ukweli kule Amsterdam, IDFA. Imepigwa Kongo, na kiini chake kiko hapa karibu yetu, Kivu ya Kaskazini. Mi nimeiangalia tena mwezi uliopita, mara ya tatu sasa, nikiwa na kalamu mkononi.

Juu ya nini kuongea sasa juu ya filamu ya 2008? Juu swali lake halijazeeka. Februari 2025, vita ilipofika mpaka ndani ya Bukavu, foto na video za mji wetu zilizunguka dunia. Wote tuliziona zikirudi kwetu kupitia televisheni za nje na kurasa za watu tusiowajua. Nyingi zilikuwa zimepigwa kwa simu na watu wa mitaa yetu, wengine wakiwa wamejificha nyuma ya pazia. Wangapi kati yao waliona jina lao chini ya foto? Wangapi waliulizwa hata mara moja?

Hoja yangu ni moja. Filamu hii inauliza swali la kweli, lakini inawapa watu wetu jibu bovu. Inawaambia: umaskini wenu ni mali, uuzeni. Ingepaswa kuwaambia: kazi ya mikono yenu ni mali, na ni yenu tayari, hata kabla hamjauza kitu.

Filamu inasema nini

Kwa asiyeiona, nifupishe. Martens anazunguka na kamera, na wabebaji wanapita porini wakibeba masanduku. Ndani ya masanduku kuna taa za neoni zinazoandika kwa Kiingereza maneno ya kualika watu wafurahie umaskini wao. Zinawashwa kijijini kwa jenereta, watu wanacheza. Unacheka kwanza, kisha unasikia vibaya.

Matukio mawili njo yananihusu hapa. La kwanza: Martens yuko na mpiga picha wa kigeni aliyetoka kupiga foto za vita. Anamuuliza foto zile ni za nani, za yule aliyezipiga ama za watu wanaoonekana ndani. Jibu linakuja bila kusitasita: ni za aliyezipiga.

La pili ni la Kanyabayonga. Martens anakutana na vijana wenye studio ndogo ya foto. Wanapiga arusi, batizo, sikukuu. Wanapata kidogo sana. Anawafanyia hesabu: foto ya arusi inaleta kitu gani, na foto ya mtoto mwenye utapiamlo, ama ya maiti, inamletea kitu gani mwandishi wa nje. Tofauti inatisha. Basi anawashauri waache arusi, wapige mateso. Anawafundisha namna ya kusogeza kamera karibu na mtoto mgonjwa. Halafu anawapeleka kwenye hospitali ya shirika la madaktari wa kigeni kuomba ruhusa ya kupiga foto. Wanakataliwa: hawawezi kuja kupata pesa juu ya wagonjwa. Martens anauliza kama wale wa nje nao hawapati pesa. Haisaidii kitu. Vijana wanarudi kwao mikono mitupu, na yeye anawaambia kwamba mambo hayatawezekana.

Nguvu yake

Mi nilisoma agronomia, si sinema. Kwa hiyo naiangalia filamu hii kama mtu aliyefundishwa kufuata zao kutoka shambani mpaka mezani. Chukua kafe yetu. Mkulima wa milima ya Kalehe anachuma matunda mekundu. Anayauza kwa kilo, mara nyingi kwa bei aliyopangiwa. Kukaanga, kufunga, kutia jina na rangi juu ya pakiti, hayo yote yanafanyika mbali, na njo huko pesa inabakia. Tulijifunza jambo hili mpaka tukalichoka.

Martens alionyesha kwamba mateso nayo yana mnyororo kama huo. Mtoto mgonjwa ni tunda jekundu. Mwandishi ni mchuuzi. Shirika la habari ni kiwanda. ONG inayotumia foto ile kuomba michango inauza kikombe. Na yule mama anayemshika mtoto, ambaye bila yeye hakuna foto, hayumo kwenye hesabu hata kwa senti moja. Hakuna filamu nyingine niliyoiona inayosema jambo hili wazi hivyo, bila kupaka sukari.

Tena filamu haijifanyi safi. Martens mwenyewe anaonekana mbaya, anajua, na anaacha tuone. Hiyo naiheshimu.

Mahali inapoanguka

Lakini angalia vizuri ile hesabu ya Kanyabayonga. Ni hesabu ya bei tu. Neno haki halimo.

Vijana wale hawakuwa watu wasio na kitu. Walikuwa waumbaji wa kazi, kwa maana kamili ya sheria. Kongo ina ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waumbaji na haki za jirani. Kongo pia imo ndani ya mkataba wa Berne, ule wa 1886 unaolinda kazi za fasihi na sanaa kati ya nchi na nchi. Mkataba huo unataja foto kati ya kazi zinazolindwa. Na unasema jambo ambalo vijana wengi hapa hawajui: haki inazaliwa pamoja na kazi. Kuilinda kati ya nchi na nchi hakudai kwanza uende ofisini kuandikisha, wala kulipa, wala kupata muhuri. Umepiga foto kwa akili yako na jicho lako, iko yako.

Maana yake ni nini? Foto ya arusi iliyopigwa Kanyabayonga na foto ya vita ya shirika kubwa la habari la Paris, mbele ya haki hiyo, ziko sawasawa. Bei njo inatofautiana. Haki haitofautiani. Martens aliona tofauti ya bei akadhani ameona yote.

Kosa hili linazaa kosa la pili. Filamu inatuachia wazo kwamba vijana wale walishindwa juu hawakuwa na foto za kutosha za mateso, ama foto zao hazikuwa nzuri. Hapana. Walikosa kadi ya kazi, walikosa mnunuzi anayejulikana, walikosa kontra, walikosa mtu wa kuwatetea mlangoni pa hospitali. Ukimpa mkulima mbegu bora bila barabara na bila soko, usimwambie baadaye kwamba mbegu ndiyo mbaya. Martens aliwapeleka mpaka mlangoni akijua umefungwa, akapiga filamu ya mlango uliofungwa.

Na hapo kuna kosa la tatu, njo linaniuma zaidi. Filamu ile ya kushindwa kwao ni ya nani? Ni yake. Inazunguka kwenye majumba ya sanaa, inaandikiwa vitabu, inajadiliwa kwenye vyuo vikuu, na jina linaloandikwa juu ni moja. Vijana wa Kanyabayonga walibadilishwa kutoka wapiga foto wakawa wanaopigwa foto. Mtu atanijibu kwamba hiyo njo maana ya filamu, kwamba Martens anatuonyesha kioo kwa makusudi. Nimeielewa hoja hiyo. Lakini kukiri kwa sauti kubwa kwamba unachukua hakumrudishii mtu kitu ulichochukua.

Na mama aliye ndani ya foto?

Hapa tuwe waangalifu, juu wengi wetu tunachanganya. Haki ya muumba inamlinda mpiga foto. Mama anayeonekana ndani haimpi umiliki wa foto. Yule mpiga picha wa kigeni, kwa haki ya muumba, alijibu sawasawa. Uchungu wa filamu unatoka hapo: jibu linaweza kuwa sahihi kwa sheria na bado likakuacha na aibu.

Kwa hiyo tutenganishe vitu vitatu. Kuna foto kama kitu: karatasi ama faili. Kuna haki ya muumba: nani anaruhusu foto ichapwe, iuzwe, itiwe ndani ya kalenda. Na kuna heshima ya mwenye sura: alikubali ama hakukubali, alielezwa itaenda wapi ama alidanganywa. Mtu akisema "haki za mali ya akili zitatulinda sisi wote", anazidisha. Zinamlinda aliyefanya kazi. Mwenye sura analindwa kwanza na adabu ya yule anayeshika kamera, na hiyo adabu hatuwezi kuiachia watu wa nje peke yao, juu siku hizi kamera tunazishika sisi.

Nikiwa tereni, mama mmoja mwenye shamba la mihogo aliwahi kuniuliza: "Hiyo foto itanirudishia nini, mtoto wangu?" Nilimweleza kwa Mashi, si kwa Kifaransa cha fomu, kwamba inaenda kuonyesha ugonjwa wa majani, na uso wake hautaonekana kama hataki. Alitaka uonekane. Alivaa kitambaa kingine kwanza. Nilimrudishia moja iliyochapwa, na nadhani katika kazi ile yote njo foto pekee iliyorudi shambani.

Miaka iliyofuata: Lusanga na sanamu ya Balot

Ili tuwe wa haki kwa Martens, tuangalie alipofika baadaye. Mwaka 2014, kule Lusanga katika Kwilu, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya michikichi waliunda kundi la wasanii, CATPC, na Martens alikuwa karibu nao. Lusanga zamani iliitwa Leverville, juu ya Lever, yule wa sabuni, ambaye kampuni yake ilipewa misitu ya michikichi kwa mkataba wa 1911. Wasanii wanachonga sanamu kwa udongo, sanamu zinatengenezwa tena kwa chokoleti huko Ulaya, zinauzwa, na pesa wananunua ardhi. Wameshapata zaidi ya hekta 100 na wanazipanda miti na vyakula. Filamu "White Cube" ya 2020 inasimulia habari hiyo.

Kwa agronomu, kitu hiki ni kikubwa. Udongo uliochoshwa na zao moja kwa miaka mia unarudi kuwa shamba la mchanganyiko, na pesa inatoka kwa sanamu. Hapa hakuna mtu anayeambiwa auze mateso. Anauza kazi, ina jina lake, na kundi linaamua pesa iende wapi.

Halafu ikaja kesi ya Balot. Mwaka 1931 Wapende waliasi dhidi ya kodi na kulazimishwa kukata michikichi. Ofisa Mbelgiji Maximilien Balot aliuawa, na jeshi la koloni likaua mamia ya Wapende. Mchongaji mmoja Mpende alichonga sanamu ya Balot ili roho yake yenye hasira ishikwe, isiwasumbue watu. Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani aliinunua, na 2015 ikaingia kwenye jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. CATPC waliomba kuazimwa, hawakuipata. Februari 2022 walichukua picha ya sanamu kutoka mtandao wa jumba lile, wakatengeneza nayo NFT, yaani hati za kidijitali zinazouzwa, ili kununua ardhi. Jumba likakasirika, likasema kanuni zake za kutumia picha zimevunjwa.

Tusimame hapo kidogo. Sanamu ilichongwa na Mpende, juu ya maumivu ya Wapende. Lakini kitu chenyewe ni mali ya jumba, juu lilikinunua. Na picha ya kitu hicho, jumba linataka liamue pia nani aitumie na namna gani. Waliobaki na uchungu hawana kitu wala picha ya kitu. Ni swali lile lile la Kanyabayonga, sasa limevaa suti.

Tofauti ni mwisho wake. Mwaka 2024 sanamu ya Balot ilifika Lusanga kwa kuazimwa, wakati CATPC walikuwa wanaonyesha kazi zao Venice katika nyumba ya Uholanzi. Haikubaki, iliazimwa tu. Lakini ilifika. Vijana wa Kanyabayonga waligonga mlango kila mmoja na kamera yake, mlango haukufunguka. Watu wa Lusanga waligonga kama kundi lenye jina, lenye kazi zilizotiwa sahihi, lenye sauti katika magazeti. Naona pia kwamba bado walihitaji Mzungu wa kufungua njia na kiwanda cha Ulaya cha kumwaga chokoleti. Sisemi ni ushindi kamili. Nasema tu kwamba njia ya haki ilifika mbali kuliko njia ya kuuza mateso.

Sisi walisansie je?

Msidhani hii ni habari ya wasanii peke yao. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi ya muda na mradi mmoja wa kilimo, sitautaja. Nilipima mashamba ya mihogo na kupiga foto za majani yenye mosaiki, zaidi ya mia mbili, kwa simu yangu. Mwaka uliofuata niliona nne ndani ya ripoti ya karatasi nzuri. Chini yake: jina la mradi na mwaka. Kontra yangu ilikuwa na kurasa mbili. Iliongea juu ya mshahara, siku za kazi na usafiri. Juu ya foto, kimya. Nilipouliza, nilijibiwa: "Foto za mradi ni za mradi." Kimya cha kontra, mwenye nguvu njo anakisoma kwa sauti yake.

Na hata kama ningekuwa nimeuza matumizi yote, mkataba wa Berne unatenganisha haki ya pesa na haki ya jina. Ya kwanza unaweza kuiuza. Ya pili, kutambuliwa kwamba wewe njo uliifanya kazi, inabaki yako hata baada ya kuuza. Kwa kijana anayetafuta kazi Bukavu, jina ni kitu gani? Ni CV. Foto nne zenye jina langu ndani ya ripoti ile zingeweza kunifungulia mlango mwingine. Ni vilevile kwa mchoro wako, kwa ramani yako, kwa memwari unayoikuta imenakiliwa neno kwa neno ndani ya ripoti ya mtu mwingine.

Najua jibu la wengi: "Tribunali ni bei gani? Avoka ni bei gani? Nina njaa leo." Ni kweli. Na vyombo vyetu vya kukusanya haki, SONECA ya 1969, kisha SOCODA iliyoundwa 2011, tumevisikia zaidi kwa habari za wanamuziki kuliko za wapiga foto. Lakini mambo mengi yanaamuliwa kabla ya tribunali, siku ile unapotoa faili. Kwa hiyo:

1. Linda faili la asili, lile lenye tarehe na data zake zote. Toa kopi ndogo, baki na kubwa.
2. Andika jina lako ndani ya data za faili, na chini ya foto unapoituma.
3. Usiuze "foto". Uza matumizi: kwa ripoti gani, kwa muda gani, kwa bei gani, na jina lako liandikwe wapi. Mistari minne kwa barua pepe, na jibu la "nakubali", ni bora kuliko maneno ya mdomo.
4. Kabla ya kusaini kontra ya mradi, tafuta neno "foto" ama "kazi za mfanyakazi". Kama halimo, omba litiwe.
5. Mwenye sura aelezwe kwa lugha anayoisikia. Kwa mtoto, mzazi aelezwe, na wewe ujiulize tena kama foto ile inahitaji uso.
6. Mkiwa wengi, semeni kama kundi. Lusanga wametuonyesha.

Nimalizie na zile arusi. Kitu ambacho sikukubali kabisa katika "Enjoy Poverty" ni namna arusi zilivyohesabiwa kuwa kazi bure, kwa sababu tu zinalipa kidogo. Wapiga foto wanaotusubiri siku ya kolasio, wanaosimama mlangoni pa kanisa siku ya Jumamosi, njo wanaoshika kumbukumbu ya mji huu: nani alioa, nani alipata lisansi, tulivaa nini mwaka wa vita. Siku moja mtu atakuja kuzitafuta foto hizo, kwa kitabu ama kwa filamu. Akija kwako, usianze na bei. Muulize kwanza anataka kuitumia wapi, na jina lako ataliandika ukurasa gani.